Mtunzi Hupimwa kwa Mdomo wa Mwingine

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri hapa Morogoro, mbele ya wanamuziki, wanakwaya na wapenzi wa muziki. Wengi walioshindwa kufika wameomba niyaweke yote kama yalivyosemwa. Nyimbo tulizosikiliza ukumbini sikuweza kuziweka, lakini majina yake nimeyataja, na anayezitaka atazipata.

*

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu wa dansi mliokaa mbele, akina mama wa taarabu na wa kwaya, na ninyi vijana wa studio mliojaa kule nyuma mpaka mlangoni: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za alasiri.

Nimeombwa nizungumzie watunzi wakubwa wa nyimbo na kilichowafanya wakawa wakubwa. Sikuja na orodha. Kila mtu ana kumi bora wake, na katika mji huu, nikimweka shabiki wa bendi ya Cuban Marimba na shabiki wa Morogoro Jazz wapange kumi bora pamoja, tutakesha hapa. Nimekuja na swali. Mtunzi akishaondoka, wimbo wake ukawekwa mdomoni mwa mtu mwingine, je, unasimama au unaanguka?

Ndugu zangu, mimi naamini hapo ndipo mtunzi anapopimwa. Mauzo hayampimi, kwa sababu kuna nyimbo zilizouzwa sana na leo hakuna anayezikumbuka. Sauti nzuri nayo haimpimi, kwa sababu mwenye sauti nzuri anaweza kukuimbia orodha ya vitu vya dukani ukatokwa na machozi. Ni mdomo wa mwingine. Mtoe mwenyewe, mlete mgeni, mpe wimbo. Halafu tusikilize.

Mji huu unalijua jibu kuliko miji mingi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki Januari 1979, ajali ya gari tena, kule pwani ya Kenya. Mbaraka huyu ndiye aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Bendi ya mji wa mkonge, ikapanda ndege kwenda kuiwakilisha Tanzania! Alitunga, aliimba, alipiga solo, yote yeye. Mtu angesema basi, akiondoka yeye vyote vimekwisha. Vimekwisha? Nendeni kwenye harusi yoyote penye bendi. Ikianza “Shida”, nani anauliza Mbaraka yuko wapi? Watu wazima wanainuka vitini. Mpigaji wa solo ana miaka ishirini na kitu, hajawahi kumwona Mbaraka hata siku moja, na vidole vyake vinajua pa kwenda.

Sasa niwapeleke Kinshasa, kwa mtu ambaye kwangu mimi ndiye mwalimu wa somo hili. Anaitwa Lutumba Simaro. Alizaliwa mwaka 1938, akaingia bendi ya OK Jazz ya Franco mwaka 1961, akapewa gitaa la ridhimu. Wapigaji wa ridhimu mliomo humu mnanielewa. Hilo ni gitaa ambalo watazamaji hawalitazami. Macho yako kwa solo, macho yako kwa waimbaji, na wewe umesimama kando unashikilia wimbo usidondoke. Mtu huyo wa kando, Wakongo walimwita Mshairi.

Mshairi huyo hakusimama mbele kuimba tungo zake. Alitunga, halafu akaanza kujiuliza: sauti hii ni ya nani? “Mabele” alimpa Sam Mangwana. “Ebale ya Zaïre”, Mangwana tena. Ilipofika “Maya”, mwaka 1984, alimpa Carlito Lassa. “Testament ya Bowule” akampa Malage de Lugendo. Tumesikiliza vipande vya “Mabele” na “Maya” sasa hivi, mmesikia tofauti? Mangwana ana sauti ya mtu mzima anayejizuia asilie. Carlito anasihi, sauti inapanda juu mpaka unaogopa itakatika. Ungewabadilishia nyimbo, ungepata kitu kingine kabisa. Simaro alilijua hilo kabla hajaingia studio. Alikuwa anatunga kwa kalamu na kwa sikio la kuchagua watu.

Fikirini kidogo juu ya “Mabele”. Ni wimbo kuhusu udongo, kuhusu kifo, kuhusu mahali ambapo sote tutarudi. Ulipigwa kwenye kumbi za Dar es Salaam na Nairobi, watu wamevaa suruali za kipepeo, wengi hawajui Kilingala hata cha kuombea maji. Walicheza. Lakini waulizeni waliokuwepo walichezaje. Walicheza taratibu, macho chini. Hawakuelewa maneno, ila walijua kwamba hapa pana jambo zito linasemwa. Simaro alifariki Paris mwezi Machi 2019, na mpaka leo ukitaka kumpima mwimbaji wa kiume wa Kongo, mpe “Mabele”. Mangwana mwenyewe hayupo hapo, Simaro hayupo, na wimbo unamtazama huyo mwimbaji usoni na kumuuliza: unaweza?

Kijana uliyeko hapo nyuma, unayetunga vizuri lakini sauti huna, na kila siku unailazimisha sauti kwa mashine ya studio: nani alikwambia lazima uimbe wewe? Tafuta mwenye sauti. Mpe. Simaro alitoa, na jina lake halikupungua.

Hilo la kwanza. La pili nitalieleza kwa mwimbaji wa dansi Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyetutoka mwaka 1995.

Tazameni majina ya nyimbo zake. Akiwa na bendi ya Safari Trippers: “Georgina”, “Rosa Nenda Shule”. Akiwa na Dar International: “Zuwena”, “Mwanameka”. Majina ya watu, majina ya watu, majina ya watu. Mnadhani ni bahati mbaya? Marijani alijua jambo ambalo watunzi wengi wa leo hawalioni. Ukiimba “mapenzi yanaumiza”, unawaambia watu wote, na hakuna anayegeuka. Ukiimba “Zuwena”, unamwambia mtu mmoja, na ukumbi mzima unanyamaza kusikiliza mazungumzo yasiyowahusu. Kila mmoja anaanza kujaza uso wa Zuwena kwa uso wa mtu anayemjua. Mimi ninaye wangu. Na wewe unaye wako, usinitazame hivyo.

Marekani, mwanamuziki Dolly Parton alifanya hivyohivyo kwenye “Jolene”, wimbo aliouandika mapema miaka ya 1970. Mke anamsihi mwanamke mwingine asimchukulie mume. Jina alilichukua kwa mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu aliyekuja kumwomba saini yake, na kisa alikichukua kwa mfanyakazi wa benki aliyekuwa akimchangamkia mumewe. Angalieni alivyochagua. Angeweza kumtukana yule mwanamke. Angeweza kumlaumu mume. Badala yake anamsifia uzuri mpinzani wake, anajishusha, anamwomba. Hapo ndipo wimbo unapouma. Na kwa sababu ya jina lile linalorudiwarudiwa, mtu wa nchi yoyote anaweza kuuimba.

Kutunga kwa kumvaa mtu kuna njia nyingine, na hapa vijana wa hip hop mkae sawa. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa “Ndiyo Mzee”. Kwenye ule wimbo hasemi yeye. Anasema mgombea jukwaani, anayetoa ahadi zisizowezekana, na umati unaitikia: ndiyo mzee! Hakusema hata mara moja kwamba wanasiasa wanadanganya. Alimwacha mwanasiasa aongee mwenyewe mpaka akaumbuka, na sisi tukajikuta ndio tunaoitikia kiitikio. Ni nani basi aliyechekwa pale, mgombea au sisi? Na kwa kuwa tuko Morogoro, nawakumbusha kwamba mtunzi huyohuyo, Joseph Haule, alikuja kuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Alisimama kwenye majukwaa ya kampeni mbele ya watu waliokuwa wanaujua ule wimbo kwa moyo. Huo ni mzigo mzito kwa mgombea, nami namheshimu kwa kuubeba.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, jibu hili: nani anasema, na anamwambia nani? Ukishindwa kujibu, rudisha kalamu.

Niseme kidogo kuhusu sauti ya wimbo yenyewe, yaani melodi, maana watu wakisikia “mtunzi” wanafikiria maneno tu. Paul McCartney wa Beatles aliamka asubuhi moja London na sauti kamili ya wimbo kichwani, aliyoiota. Akaenda kwenye piano akaipiga. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiwauliza watu kama wanaijua, akiogopa kwamba ameiiba mahali bila kujua. Na kwa kuwa hakuwa na maneno, aliweka maneno ya muda kuhusu mayai ya kuvuruga, ili tu vokali na silabi zikae mahali pake. Baadaye mayai yakaondoka, likaja neno “Yesterday”, na mwaka 1965 wimbo ukatoka. Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu aliheshimu sauti. Alisubiri mpaka akapata maneno yanayoingia humo bila kuvunjika.

Sisi tuna lugha yenye sheria yake. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukueni mstari huu nilioutunga sasa hivi: “mama kaondoka jana”. Semeni pamoja nami. Mnasikia mnapokanyaga? MA-ma. Kao-NDO-ka. JA-na. Sasa wewe kwenye biti yako unalipitisha hilo “ndo” kwa haraka, halafu “ka” unalibamiza kwenye pigo zito na kulipandisha juu. Msikilizaji hajui sheria ya mkazo, hajawahi kuisoma popote, lakini sikio lake linamwambia kuna kitu kimekwenda kombo. Anasikiliza mara mbili kujua umesema nini. Wakati anatafuta, wimbo umeshampita. Rudini kwa Marijani, rudini kwa Mbaraka, msikilize pigo zito linaangukia wapi. Neno linaingia kama lilizaliwa na ile sauti. Mtu anayetunga kwa Kiswahili halafu anaimba kwa mkazo wa kuazima, nasema kwa upendo, hajaanza kazi.

Tuendelee. Kuna uvumi unaoenea sana miongoni mwa wasanii chipukizi kwamba wimbo mkubwa unashuka wenyewe. “Niliuandika kwa dakika kumi.” Nawasikia kwenye mahojiano ya redio. Pengine ni kweli, ziko za dakika kumi. Lakini hebu niwape kisa cha Leonard Cohen, mtunzi kutoka Montreal, Kanada.

Cohen aliandika “Hallelujah” kwa miaka. Alijaza madaftari. Beti zinazosemwa aliziandika zinafika 80 hivi. Yeye mwenyewe alisimulia alivyokuwa amekaa sakafuni kwenye hoteli New York, amevaa nguo za ndani tu, anagonga kichwa kwenye zulia na kusema hawezi kuumaliza. Mtu mzima, mwandishi wa vitabu vya mashairi, amekwisha kuwa na jina. Akaumaliza, akaurekodi mwaka 1984. Kampuni yake ya rekodi ikakataa kuitoa ile albamu Marekani. Haikuona kitu.

Mngefanya nini? Miaka inapita. Mwaka 1991 John Cale, mwanamuziki kutoka Wales, akaomba mashairi ya wimbo ule ili auimbe yeye, na Cohen akamtumia kwa faksi kurasa kama 15 za beti. Cale akachagua zake. Mwaka 1994 kijana Jeff Buckley, aliyejifunza kutoka kwa Cale, akauimba kwa gitaa moja na sauti, na kuanzia hapo wimbo haukusimama tena: harusini, misibani, kanisani, kwenye filamu ya katuni ya zimwi la kijani ambayo watoto wenu wameiona. Mdomo wa Cohen haukutosha kuupeleka huko. Ilibidi upite mdomo wa pili, wa tatu.

Kilichouwezesha kupita ni kwamba alikata. Beti 80 zikawa nne kwenye rekodi yake. Wangapi kati yenu mmewahi kuandika beti kumi mkatupa saba? Nyosheni mikono. Mmoja… wawili. Mama wa kwaya pale, ahsante, na ninaamini, kwa sababu nyimbo za kwaya yenu nimezisikia na hamna neno la kujazia nafasi. Sisi wengine tunaandika beti mbili, ya tatu tunairudia ya kwanza, kisha tunasema wimbo umekamilika.

Wazee wangu, sasa nafika mahali ambapo moyo wangu upo.

Mtunzi mkubwa husema hadharani kile ambacho mtaa unakisema kwa kunong'ona. Hili halifundishwi kwenye darasa la muziki. Ama unalo, ama unajizuia usilipate.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880. Alikuwa akiuza vyungu, akitembea na kunadi kwa sauti. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri zile za Kiswahili zikauzwa pwani yote. Mnajua hilo, limo vitabuni. Lakini nataka mkumbuke wimbo mmoja, “Kijiti”.

Kijiti alikuwa mtu wa mjini Unguja. Alimuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akavuka bahari akakimbia. Waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, wao ndio waliofungwa. Muuaji yuko nje, mashahidi wako jela. Hiyo ilikuwa mahakama ya wakoloni, na mwanamke maskini angekata rufaa wapi? Angemwandikia nani barua? Siti akauimba. Akalitaja jina la muuaji. Akawaambia watu: tazameni alivyofanya Kijiti. Hukumu ile ya mahakama imebaki kwenye makabati ya karatasi. Hukumu ya Siti imebaki vinywani. Karibu miaka mia imepita, na mimi hapa Morogoro, mtu wa Bara, nalitamka jina la Kijiti kwa uchungu. Nani mwingine wa zama zile angeweza kufanya hivyo?

Halafu kuna Remmy Ongala.

Remmy alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa na Matimila, na akawa wetu kabisa, mpaka leo kuna kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa Remmy. Aliimba kuhusu mnyonge. Aliimba kuhusu kifo. Mwaka 1989 albamu yake ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, na jina la albamu hiyo, kwa Kiingereza, lilisema ni nyimbo za maskini. Alipanda majukwaa ya Ulaya akiimba Kiswahili kuhusu maskini wa Dar, na watu wa kule wakamsikiliza.

Sasa kumbukeni hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, msiba haukosekani mtaani. Tunazika vijana. Na tukiulizwa alikuwa anaumwa nini, tunasema kifua, tunasema malaria, tunasema amerogwa. Nyinyi vijana hamkuuona ule ukimya. Mimi niliuona. Mama anamzika mtoto wa pili na bado hatamki. Viongozi wanazungumza kwa mafumbo. Wahubiri wanazungumza kwa mafumbo. Daktari anakuvuta pembeni.

Katikati ya ukimya ule Remmy akatoka na “Mambo kwa Soksi”. Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa. Akaimba waziwazi: gonjwa lipo, linaua, vaeni. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Na wakati ule, ukikataliwa na Radio Tanzania unakwenda wapi? Stesheni nyingine Bara haikuwepo! Ungedhani wimbo umekufa. Haukufa. Watu walinakili kanda, wakapeana. Ulipigwa kumbini, ulipigwa kwenye magari. Watoto waliuimba njiani kutoka shule na wazazi wakashindwa kujua wawachape au wawaache.

Kuna watu walimwona Remmy mhuni kwa wimbo ule. Mimi nawaambia, na nasema nikijua uzito wake: wako watu wanaotembea leo kwa sababu ya wimbo ule. Hakuna wa kuwahesabu, na hakuna haja. Yeye alitutoka Desemba 2010. Alikuwa na sauti ya mikwaruzo, haikuwa sauti tamu kama ya Marijani. Wala hakuuhitaji utamu. Alihitaji tumwamini, na tulimwamini kwa sababu alichokisema kilimgharimu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaotunga leo. Mtaani kwenu watu wananong'ona nini? Wakikuona unakuja wanashusha sauti juu ya jambo gani? Msinijibu sasa.

Namalizia na jambo ambalo halihusu ufundi, ila bila hilo yote niliyosema yanawanufaisha watu wengine.

Mwaka 1939, kwenye studio ya Gallo, Johannesburg, mhamiaji kutoka Zululand anayeitwa Solomon Linda aliimba na wenzake, Evening Birds, wimbo wake “Mbube”. Walirudia kurekodi. Kwenye mara ya tatu, karibu na mwisho kabisa, Linda akaachia sauti ya juu ambayo hawakuwa wameifanyia mazoezi, noti chache tu zilizomjia pale pale. Noti zile zikasafiri. Wamarekani wakaziimba miaka ya 1950 kwa jina la “Wimoweh”, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likazigeuza kuwa wimbo wa simba aliyelala, ukashika namba moja Marekani. Baadaye ukaingia kwenye filamu ya Disney ya simba. Mnaujua wote. Mkiniruhusu nianze, mtaitikia.

Linda alilipwa shilingi kumi. Shilingi kumi, ndugu zangu. Haki zote zikaenda kwa kampuni. Alifariki mwaka 1962, maskini, na mjane wake alikaa miaka mingi bila kuweza kuweka jiwe kaburini. Mabinti zake ndio waliopigania kesi, na makubaliano yakapatikana mwaka 2006. Wimbo ulikuwa na miaka 67.

Na sisi tunayo “Malaika”. Fadhili William alirekodi, Adam Salim akasema aliutunga yeye miaka ya 1940, Miriam Makeba akaupeleka dunia nzima, Boney M wakauimba, na mpaka leo ukiuliza ni wa nani, unapata majibu zaidi ya moja. Wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko zote duniani, na baba yake anabishaniwa.

Tazameni upande wa pili. Dolly Parton huyuhuyu wa “Jolene” aliandika “I Will Always Love You” mwaka 1973, kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa mshirika wake wa kazi. Elvis Presley akautaka. Elvis! Meneja wake, Kanali Parker, akasema sawa, ila nusu ya haki za uchapishaji zije kwetu. Dolly akakataa. Anasimulia kwamba alilia usiku kucha. Angekubali, nani asingemwelewa? Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu, ukakaa namba moja Marekani kwa majuma 14. Mdomo wa mwingine, mdomo mkubwa kuliko wake, na wimbo ukabaki wake.

Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na tunayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sajilini kazi zenu. Lakini hata kabla ya kufika huko, usiku wa leo mkirudi studio, chukueni karatasi. Andikeni jina la wimbo na tarehe. Nani kaandika maneno, nani kaleta sauti, nani kaunda biti, nani kabuni lile gitaa la mwanzo. Kila mmoja asilimia ngapi. Msiseme sisi ni marafiki. Andikeni wakati bado ni marafiki. Wote watie saini, prodyuza naye atie saini, na kila mtu abaki na nakala yake.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kama kuna maswali, nipo.